Kibuyu cha Kamachumu

Mtu wa kwanza kufa siku ile alikufa kabla chai haijachemka.

Aliingia kwa mlango wa jikoni, kwenye nyumba ya kupanga kule Bilele, kisu mkono wa kulia, viatu mkono wa kushoto ili asisikike. Alidhani Kokushubila bado yuko kitandani. Kumbe alikuwa nyuma ya mlango huohuo, akitafuta sukari.

Sufuria ilimfika usoni, na maji yake, na tangawizi yake. Kisu kikaanguka. Koku hakumpa nafasi ya kupiga kelele. Alimkaba, akamgongesha kichwa kwenye kizingiti cha zege, mara moja, mara ya pili. Shingo ikalia kama ukuni mkavu.

Jogoo wa jirani akawika kana kwamba hakuna lililotokea.

Koku alimpekua. Mfuko wa shati ulikuwa na simu ya Tecno iliyofungwa. Akakichukua kidole gumba cha marehemu, akakifuta kwa pindo la kanga, akakibonyeza kwenye kioo. Simu ikafunguka. Ujumbe ulikuwa mmoja.

"Mpelelezi yupo nyumba ya bati jekundu. Ukimaliza tuma picha. Mateka tunamtupia mamba leo jua likizama. Wetu atakuja na gari la watalii kama kawaida."

Picha. Hilo halikuwezekana. Koku hakuwa na maiti yake mwenyewe ya kupiga picha.

Akachukua simu yake, Nokia ndogo ya tochi ambayo ndani yake Idara ilikuwa imeweka vitu ambavyo kiwanda hakikuviweka, akampigia Buberwa, mkuu wake.

"Baba mkubwa, mgeni wako kafika. Amelala."

"Amelala sana?"

"Haamki."

"Watakuja vijana kubeba godoro. Na safari?"

"Ninaenda."

Buberwa akamkumbusha jambo ambalo Koku hakuwa amelisahau. Ndani ya gari lile la watalii kungekuwa na wanaume watatu. Mmoja wao alijua Evarist amefichwa wapi.

"Ukimgusa asiye yeye," Buberwa alisema, "yule mwenyewe atabonyeza kitufe kimoja, na Evarist hatutaukuta hata ukucha wake. Kaa nao. Kula nao. Cheka nao. Ukimjua, ndipo umshike."

Evarist ndiye aliyemfundisha Koku kushika bastola. Ndiye aliyembeba mgongoni siku ile alipopigwa risasi ya paja kule mpakani, akamvusha mto huku akimtania kwamba ni mzito kama gunia la kahawa mbichi. Sasa alikuwa amefungwa mahali fulani kando ya Ziwa Burigi, kwa sababu aliyaona masanduku ya makombora ya begani aliyoyaleta mtu mmoja wa nje anayeitwa Kapteni. Masanduku hayo yalikuwa yavushwe mpaka usiku huo, yakaunguze vijiji vya watu.

Basi Koku akavaa gauni la kitenge, akajifunga kilemba, akachukua chupa ya chai. Sehemu ya juu ya chupa ilikuwa na chai ya kweli, ya maziwa. Sehemu ya chini ilikuwa na bastola, Glock 26.

Gari lilikuwa Land Cruiser nyeupe, paa la kuinuka, limeegeshwa kando ya ziwa kubwa, si mbali na Bilele. Koku alijitambulisha kuwa ni Mama Joanitha, mwuza vitenge wa Mwanza, aliyechoka kuhesabu doti akaamua naye atalii kama wenzake.

Akawatazama wale watatu, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua samaki mnadani.

Wa kwanza alikuwa Aristides, mwongoza watalii, kijana wa Kamachumu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa mcheshi. Alimwambia Koku kwamba watu wa Mwanza wakiona mlima huuliza bei ya mawe.

Wa pili alikuwa Dastan, dereva. Kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, maneno machache, na simu ambayo hakuiachia hata kwenye kona.

Wa tatu alikuwa mgeni wa Ulaya, Radek, aliyesema amekuja kutazama ndege. Alikuwa na darubini ya Swarovski kifuani, simu ya setilaiti aina ya Thuraya kiunoni, na sanduku refu jeusi ambalo hakutaka mtu alishike.

Walianza na Kashozi, wakaliona kanisa la zamani la misheni, matofali yake mekundu na migomba inayolizunguka kama waumini waliochelewa. Aristides alieleza vizuri, hata Koku mwenyewe, aliyezaliwa Rubafu, akajikuta anasikiliza. Radek hakusikiliza. Alisimama kando, akaongea na Thuraya kwa lugha yake, na mara mbili Koku akasikia neno Burigi.

Wakarudi, wakaipita bandari ya Kemondo, wakapanda vilima vya Muleba. Njiani Koku aliwamiminia chai. Dastan alikunywa huku anasoma simu yake na kutokwa jasho.

Chini ya Kamachumu kuna maporomoko ya maji, meupe, yenye kelele za kuziba masikio. Wageni hushuka kwa njia nyembamba yenye utelezi. Koku alishuka nyuma ya Dastan, akajikwaa makusudi, akamshika bega, na katika kushika huko akausoma ujumbe wa simuni. Ulitoka kwa shemeji yake. Ulisema mkunga anasema bado, mtoto amekaa vibaya, waendelee kuomba.

Kumbe maskini.

Wakabaki wawili, na moyo wa Koku ukamwendea Radek. Alimfuata hadi nyuma ya mwamba, akaikaribia shingo yake. Lile sanduku refu lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na bomba la chuma na miguu mitatu, na kwa jinsi Radek alivyokuwa ameinama, Koku hakuweza kujua kama ni la kutazamia au la kurushia. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kufungua kitako cha chupa.

Ndipo mkono ukamziba mdomo kutoka nyuma.

Alikuwa kijana wa pikipiki. Ndiye aliyemleta mwenzake Bilele asubuhi, akamngoja nje, akamwona mwanamke anatoka badala yake. Alikuwa amelifuata gari tangu hapo bila kumwambia mtu, maana alitaka sifa aichukue peke yake. Sifa ni kitu kibaya.

Bisibisi yake ilimchana Koku ubavuni. Koku alimkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, akamgeuza kiunoni, wakaanguka wote ndani ya maji. Maji yalikuwa baridi kama ya kaburini. Kijana alikuwa na nguvu. Alimzamisha Koku mpaka akameza mchanga. Koku akapapasa chini, akapata jiwe la kujaza kiganja, akampiga nalo sikioni. Akampiga tena. Mara ya tatu vidole vya yule kijana vililegea, na maporomoko yakamchukua, yakamtupa juu ya mawe ya chini, yakaendelea na kelele zake.

Hakuna aliyesikia.

Koku alirudi kwenye gari amelowa tepetepe, chupa mkononi, kitenge amekikaza ubavuni ili damu isionekane. Alisema ameteleza. Aristides alimpa taulo lake mwenyewe, akampa pole, akamwambia asijali, chakula cha mchana kipo tayari nyumbani kwao, hapo juu tu. Kisha akasogea pembeni, akaisoma simu yake kwa muda mrefu kuliko ujumbe wa kawaida unavyosomwa.

Nyumba ilikuwa msonge wa zamani, nyasi kuanzia ncha hadi ardhini, ndefu kuliko migomba. Ndani, sakafu ilikuwa imetandikwa majani mabichi yaliyokatwa asubuhi, yananukia. Juu ya majani hayo hupiti na viatu wala mizigo. Koku akavua viatu mlangoni. Akaiacha na chupa ya chai.

Chakula kilikuwa chakula. Mlima wa ndizi uliofunikwa jani la mgomba, mvuke unatoka pembeni. Maharage. Sato mzima, mkia umekauka kwa moto. Senene wa kukaanga kwenye kikapu kidogo. Kahawa ya kutafuna, akamwani, imewekwa kwenye kipande cha jani kwa ajili ya mgeni. Mpishi wa kukodi, mwanaume mnene asiyetazama watu usoni, alisimama mlangoni na omuhoro, mundu wa kupogolea migomba.

Aristides aliomba radhi kwamba mama yake, Anatolia, hayupo. Amekwenda Kashozi kwenye nadhiri za binti wa ndugu yake. Yeye mwenyewe angewahudumia. Akatoka nyuma ya nyumba, akarudi na kibuyu cha olubisi, juisi ya ndizi mbivu, mrija umesimama ndani yake. Akapiga goti mbele ya Radek, akaanza kumkabidhi.

Mlango ukaingia giza.

Alikuwa bibi mrefu, amejifunga vitenge viwili, rozari mkononi. Anatolia. Alikuwa amegeuka njiani. Alimwambia mwanawe kwa Kihaya, kwa upole, kwamba masista wana Mungu wa kuwatazama, ila wageni wa nyumba hii hawapokelewi na mpishi wa kukodi. Koku aliyaelewa yote. Alipiga magoti, akamsalimu. Bibi alimgusa bega, kisha akanyoosha mkono wa pili, akakichukua kibuyu.

Ilikuwa haki yake. Kwa Wahaya, mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo mgeni anywe, ajue kwamba hapa hakuna mwenye nia mbaya. Tangu mume wake alipofariki, kibuyu cha kwanza kilikuwa cha mdomo wa Anatolia.

Akainua mrija.

Mkono wa Aristides ukaruka. Kibuyu kilipigwa kikatoka mikononi mwa mama yake, kikagonga nguzo ya kati, kikaviringika. Olubisi ikamwagika kwenye majani.

Mtoto wa Kihaya anaweza kuiba, anaweza kuua. Kumpiga mama yake mkono mbele ya wageni, hilo halifanywi hata na mlevi.

Radek alitabasamu, akidhani ni sehemu ya maonyesho.

Koku hakutabasamu. Alikuwa amemjua mtu wake.

Aristides naye alijua kwamba amejulikana. Mkono wake ulikwenda nyuma ya kiuno, ukarudi na bastola, Makarov nyeusi. Lakini mikono ya Koku ilikuwa imeshaingia chini ya jani la mgomba. Aliuinua mlima wote wa ndizi, wa moto, unaonata, akamtwisha usoni.

Risasi ikalia. Radek akaanguka akishika paja.

Koku aliruka juu ya sinia. Alikishika kiganja chenye bastola, akakipigiza kwenye nguzo, mfupa ukatoka nje. Nyuma yake mpishi alikuwa anakuja na omuhoro. Pigo la kwanza lilimchana Koku mkono kuanzia bega hadi kiwiko. La pili lisingekosa shingo, ila Dastan alinyanyua kigoda akakivunja juu ya mgongo wa yule mtu. Mpishi aligeuka kumtazama. Hilo lilikuwa kosa. Koku alimpokonya omuhoro, akamfyeka nyuma ya goti, na alipoinama akamfyeka tena, palepale migomba inapofyekwa.

Mpishi hakuinuka.

Majani mabichi yakageuka mekundu. Koku alikaa juu ya kifua cha Aristides, ncha ya omuhoro chini ya kidevu chake.

"Evarist yuko wapi?"

Aristides alicheka, ngozi ya uso inachunika, ndizi kwenye nyusi.

"Mama Joanitha," alisema. "Nilijua tu. Mwuza vitenge gani haulizi bei."

Koku akavunja kidole. Akarudia swali lake.

"Vunja vyote. Vipo kumi. Jua halikungoji."

Alikuwa amefundishwa vizuri. Koku aliliona hilo machoni pake, na kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa. Kupitia mlango, kivuli cha migomba kilikuwa kimeanza kulala.

Ndipo Anatolia aliposogea. Alikuwa amesimama ukutani muda wote huo, hakupiga yowe. Aliinama kwa taabu ya magoti yake, akakiokota kibuyu. Kilikuwa hakijavunjika. Akakitikisa sikioni. Kilikuwa na kitu bado.

"Kuna nini humu, Aristides?"

Aristides akafumba macho.

"Ninakuuliza mimi mama yako."

"Juisi, ma. Juisi tu."

"Basi nionje. Wageni wangu wana kiu."

"Iache, waitu, nakusihi. Imemwagikia uchafu."

"Uchafu ninauona." Alikaa chini, taratibu, miguu upande mmoja kama anavyokaa siku zote, kibuyu mapajani. "Nyumba hii haijampa mgeni kitu ambacho mwenye nyumba hakukionja. Baba yako hakufanya hivyo. Baba yake hakufanya hivyo. Kama ni juisi, nitakunywa, tuzike huyu, tufagie. Kama si juisi, nitakunywa pia, maana sina sura ya kukaa nayo tena Kamachumu."

"Ma, weka chini."

"Mjibu huyu binti anachokuuliza."

"Ma."

Akauweka mrija mdomoni. Mashavu yake yakaanza kuvuta. Koku aliiona juisi inapanda ndani ya mrija, rangi ya chai hafifu, inapanda.

Aristides akalia kama mtoto.

Alitaja yote kwa pumzi moja. Kambi ya zamani ya wavuvi, ufukweni Burigi, unaacha barabara kuu ukifika Kyamyorwa. Kapteni na walinzi watatu. Wakiliona gari lake hawapigi risasi.

Anatolia akautoa mrija. Akatema kwenye majani. Hakumtazama mwanawe, alimtazama Koku.

"Utamuua?"

"Hapana, ma. Nakupa neno langu. Hatauawa."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akachana kipande cha kitenge chake kimoja, akaanza kulifunga paja la Radek.

Koku alimfunga Aristides kwenye nguzo ya kati, akaichukua simu yake, akamwandikia Buberwa kwamba vijana waje Kamachumu. Dastan hakuulizwa. Alikuwa tayari kwenye usukani.

Waliteremka Muleba kwa mwendo uliomfanya Koku afumbe macho kwenye kona mbili. Alikuwa amevaa kofia na koti la Aristides. Glock mkononi, Makarov mapajani, mkono wenye jeraha umefungwa kwa kilemba. Baada ya Kyamyorwa lami ikaisha, vichaka vikaanza, pundamilia wakainua vichwa. Ziwa likatokea, limetulia, na jua limebaki kiganja kimoja juu ya vilima.

Mlinzi wa kwanza alilipungia gari mkono, AK-47 begani. Koku alimpungia pia. Kisha akampiga risasi ya kifua kupitia dirishani.

Wa pili alikuwa anakojoa. Alifia hapohapo.

Wa tatu alikuwa mwepesi. AK yake ililimwagia gari risasi, vioo vikamwagika kama chumvi. Dastan alilala chini ya usukani, mguu bado umekanyaga mafuta, na Land Cruiser ikaenda yenyewe ikambana yule mtu kwenye shina la mti. Alipiga kelele mara moja.

Koku akashuka, peku. Masanduku yalikuwa chini ya turubai, yamepangwa vizuri. Mbele yake, kwenye matete, Kapteni alikuwa anarudi nyuma kuelekea kwenye mtumbwi wa injini. Mkono mmoja umemkaba Evarist, mwingine umeweka bastola kwenye sikio lake. Uso wa Evarist ulikuwa umevimba hata hautambuliki. Maji yalikuwa yamewafika magotini. Hatua chache nyuma yao, kitu kama gogo kilizama bila sauti.

"Tupa silaha," Kapteni alisema kwa Kiswahili kibovu. "Tupa au huyu anakufa."

Koku alimtazama Evarist. Jicho lake moja lililofunguka lilimtazama pia.

Evarist akalegeza magoti.

Alijiachia mzimamzima, uzito wote wa mtu aliyekufa, akateleza kutoka kwenye mkono uliomkaba. Kwa kufumba na kufumbua Kapteni alibaki wazi kuanzia kifuani kwenda juu. Koku alipiga mbili. Ya kwanza kooni, ya pili juu yake kidogo.

Kapteni alikaa chini ndani ya maji, kwa mshangao. Lile gogo likamfikia kabla damu haijafika mbali. Maji yakachafuka, mkono ukaonekana, haukuonekana tena. Koku alikuwa ameshamvuta Evarist kwa ukosi hadi kwenye nyasi kavu.

"Umechelewa," Evarist alisema, meno mawili hayapo.

"Nilikuwa natalii."

Jua likazama.

Nokia ikalia. Buberwa.

"Mzigo?"

"Upo."

"Evarist?"

"Anapumua. Ananilaumu."

"Mungu mkubwa. Uko wapi? Na sikiliza, mimi na vijana wangu tumefika Kamachumu. Yule mwongoza watalii ameiona sura yako. Ninawaambia wamlaze."

"Hapana. Apelekwe polisi, akashtakiwe."

"Koku, hilo ni agizo."

"Nimempa mama yake neno."

"Idara haitoi neno."

"Ndiyo maana nimelitoa mimi." Koku alikaa juu ya sanduku mojawapo, akaung'oa mwiba kwenye unyayo. "Uliuliza niko wapi. Mpe huyo mama simu kwanza. Aniambie mwenyewe kwamba mwanawe ametoka anatembea. Ziwa hili lina ufukwe mrefu, baba mkubwa, na masanduku haya wapo wengine wanayoyatafuta."

Kwa mbali kiboko alikoroma. Kisha simu ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na sauti ya bibi ikaja, karibu sana, kama mtu asiyejua simu inazungumziwa umbali gani.

"Amepanda gari la polisi," Anatolia alisema. "Amepanda kwa miguu yake. Hakunitazama."

"Asante, ma."

"Nitampelekea chakula huko watakakomfunga. Watanikubalia?"

"Watakukubalia. Nitahakikisha."

Koku akamtajia Buberwa mahali, mara moja, akakata. Akaitoa laini ya simu, akaivunja kwa meno ili Idara isimfuate, akaitemea ziwani. Alimfunika Evarist kwa koti la Aristides, akamwachia Dastan Makarov na kumwelekeza aelekeze mtutu upande gani. Kisha akatembea kwenye njia ya pundamilia, peku, akielekea barabara kuu, bastola kiunoni chini ya kitenge, bila haraka, kama mwanamke anayetoka sokoni.